Bi Rudia wa Mnarani

Marubani ndio waliompa jina la Bi Rudia, na hawakumpa kwa mapenzi. Jina lake hasa ni Weng Pi-yun, mwongozaji wa ndege zikiwa ardhini, katika mnara wa uwanja wa kisiwa chetu, na aliyemfundisha kazi hiyo ni mimi, Tung Hsiu-o. Nasema hili mapema ili mjue namsifu mtu ninayemjua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu msifu hata mbele ya macho yake. Atakutazama tu, kisha atakuomba uyarudie uliyosema.

Kazi yetu watu hawaielewi. Wanadhani ndege ikishagusa chini mambo yamekwisha, au kabla haijapaa bado hayajaanza. Mimi nakaa kiti cha njia ya kurukia, kwa hiyo zinazotua na zinazopaa ni zangu. Zikiwa zinatambaa kwa magurudumu, kutoka maegesho hadi ukingo wa njia ya kurukia, ni za Pi-yun. Humwambia rubani pita huku, kata pale, simama hapa. Rubani naye anatakiwa ayarudie maneno hayo yote jinsi yalivyo, na mwongozaji ayasikilize neno kwa neno, ndipo ndege isogee. Sheria ni hiyo dunia nzima. Ila kisiwani kwetu kila mtu ni shemeji wa mtu, na rubani mwenye mvi akijibu kwa kifupi, "Nimeelewa," nani atamwambia hapana, sema tena? Ni kama kumwambia baba mkwe anawe mikono upya mbele ya wageni.

Pi-yun aliwaambia. Kila siku, kila ndege, mkubwa kwa mdogo.

Ukitaka kujua kaitoa wapi tabia hiyo, muulize mama yake, ambaye mpaka leo anabandua chaza kwa kile kisu chake kifupi pale nyuma ya hekalu, na mdomo wake mkali kuliko kisu. Enzi za jeshi ufuo wote ulikuwa umetegwa mabomu ya ardhini. Wanawake wa chaza walishuka baharini kwa kijia chembamba kati ya nyaya, na kijia hicho kilibadilishwa mara kwa mara. Askari wa geti aliwatajia njia ya siku hiyo: jiwe la chokaa, kushoto, mti mkavu, moja kwa moja. Aliyeshindwa kuitaja yote alirudishwa nyumbani na ndoo yake tupu. Mama Weng aliwahi kumwona jirani yake aliyeitikia tu kwa kichwa. Hakusimulia zaidi ya hapo, na sisi hatukumwuliza. Ila binti yake alikua akitumwa dukani kununua chumvi, na kabla hajavuka kizingiti alisikia, "Nimekutuma nini? Taja chote."

Basi mtoto wa namna hiyo akaletwa mnarani kwangu. Mtihani wa kwanza alianguka. Walisema ana sauti ya chini na ni mzito wa kuzungumza. Wa pili akapita, na mimi nikala kiapo kwamba nitamnyoosha. Nilimnyoosha kweli. Nilimkemea hata kwa kuleta nanasi kazini, maana kila mtu wa zamu anajua nanasi huita kazi nyingi, na siku ile ile tulipata ndege za ziada mpaka chai ikapoa kikombeni. Kitu kimoja tu sikukigusa, na nilifanya makusudi: lile "rudia" lake.

Malalamiko yakaanza kumiminika. Marubani wakasema anawachelewesha, anawadharau, anawafanya watoto wa shule. Mkuu wetu wa mnara, Bwana Ouyang, ni mtu mwema, lakini mwoga wa simu. Simu ikilia kutoka makao makuu anasimama kabla ya kuipokea. Majira yale ya machipuko alimwita Pi-yun mbele yangu.

"Pi-yun, mwanangu," alisema, "unajua kazi. Sikatai. Lakini watu wamechoka nawe. Likija lalamiko jingine moja, nakushusha chini kwa watu wa hali ya hewa. Utapima mvua. Mvua haitakulalamikia."

"Wakirudia maelekezo sitawaambia warudie, Mkuu," Pi-yun akajibu.

"Umeona? Ndilo hilo jibu ninalolisema!"

Nikaingilia. "Mkuu, wewe mwenyewe ndiwe uliyesaini mwongozo unaosema lazima warudie. Au ulisaini ukiwa umelala?"

"Dada Tung, wewe usinikalie kooni. Siongei nawe."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ilipoingia sikukuu ya kufagia makaburi. Watu wa kisiwa chetu waliotawanyika kote Taiwan lazima warudi siku hizo kuwasafishia wazee wao, na waliooa au kuolewa na watu wa ng'ambo lazima waende ng'ambo. Na ndizo siku hizo hizo ambazo ukungu wa baharini huja kukaa nasi kama mgeni asiyejua kuaga. Mwaka ule ulitufunga siku mbili. Abiria walilala ukumbini juu ya mabegi, wengine na kuku wa kuchemsha wa tambiko kwenye mifuko ya plastiki. Mkuu wa wilaya alifika kupiga kelele ili aonekane amefika. Maegesho yakajaa ndege mpaka magari ya mizigo yakakosa pa kupita.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, ukungu ukainuka. Haukuondoka, uliinuka tu, kama mtu anayefunua blanketi kuangalia kama kumekucha. Wote tulijua dirisha hilo ni dogo. Ndege zote zikataka kuondoka kwa pamoja, na wakati huohuo zile zilizokuwa zinasubiri ng'ambo zikaja. Mashine zetu zote zilikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunwa juu yake, ile inayozibembeleza zisiharibike, na siku hiyo nilizipapasa moja moja kuhakikisha hazijapitwa na tarehe. Msinicheke. Nyinyi hamjakaa kwenye kile kiti.

Hatuna rada ya kuonyesha ndege zilizo chini. Tuna madirisha, darubini na masikio. Pi-yun alizitoa ndege tatu vizuri, kila rubani akayarudia maneno yake, nami nikazipaisha. Kisha ukungu ukaanza kuingia tena kutoka upande wa maegesho. Upande wa pili, ule zinakotokea ndege za kutua, kulikuwa bado kweupe kabisa. Nilikuwa na ndege ya kutoka mji wa Taichung imekaa sawa kuja kutua. Rubani wake alikuwa ameiona njia, nami nilikwishamruhusu.

Hapo ndipo ndege iitwayo Korongo Saba ikaomba kutoka. Rubani wake alikuwa Kapteni Shih, na huyo sharti niwaeleze. Alipokuwa kijana alirusha ndege za jeshi kutoka uwanja wetu huu huu, miaka mingi, na wazee wa sokoni bado wanamsimulia. Baadaye akaenda kwenye mashirika, akarusha madege makubwa ya nchi za mbali, na mwezi ule tu ndio alikuwa amerudi kwenye ndege ndogo za visiwani ili amalizie utumishi wake karibu na nyumbani. Ukimtaja Kapteni Shih kisiwani, watu wanaacha kutafuna.

"Korongo Saba," Pi-yun akamwambia, "fuata njia ya pembeni ya kaskazini hadi mwisho, mlango wa kwanza. Simama kabla ya njia ya kurukia." Milango ni maingilio ya njia ya kurukia, nasi tunaihesabu kuanzia ncha ile ya mwisho.

"Korongo Saba, nimeelewa. Natoka."

Nikamwona Pi-yun ameinamia maikrofoni. Nikasema moyoni, ee Mungu wa mbinguni, si huyu, si leo.

"Korongo Saba, rudia maelekezo."

"Nimesema nimeelewa."

"Korongo Saba, rudia maelekezo yote."

Hewani tunatumia Kiingereza cha kazi, lakini mtu akikasirika hurudi kwenye lugha aliyonyonyeshewa. Kapteni Shih akarudi huko.

"Binti, mimi nimeuruka uwanja huu wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama yako. Nina abiria wamelala sakafuni siku mbili, ukungu huo unarudi, na wewe unataka tukaririshane mashairi?"

Mtu akacheka hewani. Rubani mwingine aliyekuwa akingoja zamu akadakia, "Shangazi, mwachie mzee wetu apite. Sote tunazeekea hapa."

Mkuu Ouyang alikuwa nyuma yetu, uso umemshuka. "Pi-yun, mwachie," alinong'ona. "Huyo ni Kapteni Shih. Akipiga simu makao makuu mimi sitaweza kukuokoa. Mwachie!"

Nilimtazama msichana yule. Masikio yalikuwa mekundu. Alijua vizuri kwamba anakikalia kiti chake kwa mara ya mwisho, na mimi nilijua hivyo hivyo. Angeweza kukubali yaishe. Mkuu wake mwenyewe alikuwa amekwisha kumwamuru, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Korongo Saba," akasema, polepole vile vile anavyosema siku zote, "hujaruhusiwa kusogea. Simama ulipo. Rudia maelekezo yote."

"Haya, mwalimu!" Sasa Kapteni alikuwa akifoka. "Nafuata njia ya kaskazini, nakata kushoto kwenye ghala la kijivu, nasubiri pale uwandani. Umeridhika?"

Uwandani.

Enzi za jeshi, ukikata kushoto kwenye ghala la kijivu ulitokea kwenye uwanda mpana wa kungojea, na ndege za kivita zilijipanga pale. Uwanda huo haupo tena. Ulimezwa njia ya kurukia ilipopanuliwa, na sasa anayekata kushoto pale, kitambo kidogo tu, yuko juu ya njia ya kurukia yenyewe, katikati. Ramani mpya alikuwa nayo mapajani. Lakini nani hufungua ramani kwenda chumbani kwake? Mazoea yana taabu. Mgeni asingekosea vile hata kidogo. Alikosea mwenyeji, tena mwenyeji hasa. Na muda wote ule wa kubishana, magurudumu yake yalikuwa yakitembea.

"Korongo Saba, simama! Piga breki sasa hivi!" Sikujua kwamba ana sauti kubwa namna ile. Kisha akanigeukia. "Dada, mrudishe juu!"

Sikumwuliza nani, wala kwa nini. Kama ningeuliza tu "eti nini?" leo nisingekuwa nasimulia. Nikabonyeza, nikaiambia ndege ya Taichung isitue, ipae tena. Rubani wake, Mungu ampe maisha marefu, hakubishana. Alirudia maneno yangu huku injini zikinguruma, tukaiona ikitokea kweupeni, magurudumu yamening'inia, ikapita juu ya ule ukungu na kutokomea mawinguni. Vioo vya mnara vilitetemeka.

Kapteni Shih ndiye aliyerudi hewani kwanza.

"Korongo Saba... nimesimama."

"Korongo Saba, unaona nini mbele yako?"

Hakujibu. Najua ni nini kilichomfunga mdomo. Mtu wa umri ule na sifa zile, kusema hadharani sijui nilipo, wote wakisikia, ni heri umwambie aivue sare yake. Pi-yun hakumharakisha. Alisubiri, kidole kwenye kitufe, kisha akamwuliza tena kwa sauti ambayo nimemsikia akiitumia kwa mama yake tu.

"Kapteni, niambie rangi ya taa tu."

"Nyeupe," akasema Kapteni Shih. "Naona taa nyeupe. Zinakwenda kushoto na kulia."

Taa za njia za pembeni ni za buluu. Nyeupe ni za njia ya kurukia. Mkuu Ouyang alitafuta kiti kwa mkono bila kutazama, akakikosa, akakaa sakafuni.

"Korongo Saba, usisogee hata kidogo. Gari linakuja kwako."

Dereva wa gari la kuongozea ndege ni A-piao, mtu wa kutafuna tambuu na kutukana kwa ufasaha. Alizama ukunguni huku taa zake za manjano zikimezwa, na baadaye tukamsikia. "Dada Yun, nimeipata. Aisee! Gurudumu la mbele limekwisha kuvuka mstari. Pua iko njiani yote, naweza kuining'inizia nguo nikazianika." Akatema, tukasikia. "Ile ya Taichung ingetua, leo tungefagia makaburi mapya."

Watu waliokuwa ndani ya ndege zile mbili, wengine ni wa ukoo wa shangazi yangu, wengine wamesoma na watoto wangu. Sikuweza kuwafikiria mmoja mmoja. Nilimfikiria Pi-yun tu, maana sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote. Alimwongoza Kapteni kurudi maegeshoni nyuma ya gari la A-piao, hatua kwa hatua, na kila alichoambiwa Kapteni alikirudia chote, mpaka neno la mwisho. Ukungu ukaufunga uwanja mzima. Ndege ya Taichung ikarudi kwao.

Nilijivuna, nakiri bila haya. Ningekuwa na ngoma ningeipiga. Nikamwambia Mkuu, "Haya, mpeleke sasa akapime mvua."

Na mnajua alinijibu nini? Alikuwa amesimama, anajipangusa suruali. "Dada Tung, ameokoa watu, sikatai. Lakini umemsikia alivyomfokea? 'Piga breki sasa hivi!' Kapteni Shih! Mbele ya marubani wote! Mtu akiaibishwa hivyo hulalamika hata kama amekosa. Tena akikosa ndipo hulalamika zaidi." Mwoga wa simu ni mwoga wa simu.

Hakuwa amemaliza tulipoambiwa kutoka chini kwamba Kapteni Shih anapanda ngazi. Mkuu akafunga kifungo cha shingo na kuanza kutafuta majani mazuri ya chai. Pi-yun alibaki kitini kwake, uso kwa ukungu. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Dada, wakinishusha, mwambie atakayekaa hapa asiwaachie."

"Nyamaza," nikamwambia. "Atakayekaa hapo ni wewe."

Kapteni Shih akaingia anahema, maana ngazi zetu si za mchezo. Kofia ameishika kwapani. Sikuwa nimejua kwamba nywele zake ni nyeupe namna ile. Mkuu akamsogezea kikombe, akaanza, "Kapteni, tunasikitika sana kwa namna ulivyosemeshwa..." na Kapteni akamkata kwa kiganja.

"Nimesikia kwamba mnataka kumhamisha huyu," akasema. "Marubani wanaongea. Na mimi nimo miongoni mwa walioongea. Mkuu, siku mtakayomtoa hapo, mimi sileti ndege kwenye uwanja huu tena, na nitawaambia wenzangu sababu." Kisha akamgeukia Pi-yun. Akaunganisha visigino kijeshi, kidevu juu, mikono ubavuni. "Mwongozaji, nimekuja kurudia."

Mzee akaanza:

"Korongo Saba. Nafuata njia ya pembeni ya kaskazini hadi mwisho. Mlango wa kwanza."

Akainama. Aliinama chini kabisa, kama watu wanavyoinamia kaburi la mzazi, na alipoinuka macho yalikuwa yamelowa. Mkuu Ouyang akaanza kupiga makofi. Mimi mwenyewe nilikwisha kuinua mikono nipige.

Pi-yun hakuinuka. Alimtazama yule mzee, shujaa wa sokoni, aliyekuja kumnusuru mbele ya mkuu wake, na kila kitu alichokitaka maishani kilikuwa kimeshikwa na mkono wa mzee yule.

"Kapteni," akasema polepole, "umeacha 'simama kabla ya njia ya kurukia'. Rudia tena, yote."

Makofi ya Mkuu yakakwama hewani. Kapteni Shih akaunganisha visigino upya, akarudia yote kuanzia jina la ndege, akatua kwenye kila neno, na lile la kusimama alilisema kuliko yote.

"Sahihi," akasema Pi-yun. Ndipo akainuka kitini, naye akamwinamia.